Meza za Kulia za Waingereza wa Zamani, na Watu Waliozitengeneza

Huko Kaikor, kaskazini mwa nchi ya Turkana, mbele ya Lodwar na Kakuma, wazee wakichinja mnyama kwa ajili ya ibada au shauri kubwa hawaketi ovyo. Hukaa chini ya mti kwa umbo la nusu duara, kila mtu mahali pake, na mkutano huo huitwa akiriket. Wanaume wa Turkana wamegawanyika pande mbili, Ngimoru, yaani Mawe, na Ngirisai, yaani Chui; wala mtoto hawi wa upande wa baba yake, bali huwa wa upande wa babu yake. Kila upande hukaa peke yake, wakubwa hutangulia wadogo, na nyama hugawanywa kwa kufuata ukubwa huo. Mtu ajuaye desturi akitazama tu jinsi watu walivyokaa, ataweza kusema nani ni nani pasipo kuuliza.

Kiti cha mwanamume ni ekicholong. Ni kiti kidogo kilichochongwa kwa tezo na kisu katika kipande kimoja cha mti. Hakina msumari wala gundi, na kina ugwe wa ngozi wa kukishikia. Mchana mwenyewe hukikalia, na usiku hukitia chini ya kichwa kikawa mto. Zamani mto huo ulikuwa na kazi kubwa zaidi, kwa sababu wanaume walikuwa wakizipamba nywele zao kwa udongo wa rangi, na pambo hilo lingevunjika kama kichwa kingelazwa chini. Chombo hiki ni cha mtu mmoja, nacho hufuatana naye, pamoja na fimbo yake, kila aendako na mifugo.

Waingereza wenye mali, katika nusu ya pili ya karne ya 18, walishughulika sana na jambo hilo hilo: nani akae wapi wakati wa kula, naye akalie nini. Tofauti ni kwamba wao walilifanya ndani ya nyumba, na ikawabidi kutengeneza vyombo vingi mno kwa ajili yake. Vyombo hivyo, yaani meza, viti na makabati ya chumba cha kulia, vinasifiwa mpaka leo, huuzwa kwa bei kubwa katika minada ya London na New York, na maseremala wa nchi nyingi huviiga. Hata fundi wa Nairobi achongaye mguu wa kiti ulionyooka, mnene juu na mwembamba chini, anafuata umbo lililoenea wakati ule, ingawa huenda hajapata kusikia majina ya watu walioubuni.

Asili ya mtindo huo ilikuwa ardhini. Mwaka 79 baada ya Kristo mlima wa moto uitwao Vesuvius ulifunika kwa majivu miji miwili ya Warumi, Herculaneum na Pompeii. Watu walianza kuichimbua Herculaneum mwaka 1738, na Pompeii mwaka 1748, wakakuta nyumba zenye michoro ukutani, taa, meza na vyungu kama vilivyoachwa siku ile. Habari zikaenea Ulaya yote. Kijana mmoja wa Scotland, Robert Adam, mwana wa mjenzi, alisafiri Italia mwaka 1754. Na mwaka 1757 akavuka bahari kwenda Split kupima magofu ya jumba la Kaisari Diocletian. Aliporudi London mwaka 1758 alikuwa na madaftari yaliyojaa michoro, na haukupita muda mrefu matajiri wakawa wanashindana kumpa majumba yao ayapambe upya.

Kabla yake, kiti kizuri cha Mwingereza kilikuwa na miguu iliyopindika kama goti la mnyama, na chini yake kucha za ndege zilizoshika tufe. Mgongo wake ulijaa majani, makombe ya baharini na mikunjo isiyo na mwisho. Adam na wenzake waliyafuta mengi ya hayo. Mguu ukanyooka. Ukachongwa mifereji midogo kutoka juu hata chini kama nguzo ya hekalu. Mapambo yakawa machache na ya mpango: ua la duara, shada la majani lililoning'inia, kichwa cha kondoo dume, chungu cha Kirumi chenye mfuniko. Katika jumba la Osterley, karibu na London, kuna viti vya kulia ambavyo migongo yake ina umbo la kinubi, yaani ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu.

Sifa kubwa ya mtindo huu si mapambo, bali ni kule kupunguza. Kuongeza nakshi juu ya nakshi si kazi ngumu kwa fundi mwenye subira. Lakini kupunguza ubao mpaka mguu uwe mwembamba kama fimbo, kisha ubebe mtu mzima aliyekwisha shiba, hiyo ni elimu. Kiti chenye mgongo wa umbo la ngao ni mfano mzuri. Ngao yenyewe haigusi kikalio. Hushikwa na nguzo mbili fupi tu za nyuma, ambazo ni sehemu ya miguu iliyopanda juu. Mtu akijinyoosha nyuma baada ya kula, uzito wake wote huangukia maungio mawili yasiyozidi unene wa vidole vichache. Kama ulimi wa ubao haukukatwa sawasawa na tundu lake, kiti huvunjika mwaka wa kwanza. Viti vingi vya namna hiyo vimeishi zaidi ya miaka 200.

Adam alieleza kwa maandishi kwamba chumba cha kulia cha Waingereza kilitakiwa kuwa tofauti na vingine, kwa sababu wanaume walikaa humo saa nyingi wakizungumza mambo ya siasa. Tena alishauri kwamba kuta zake zisifunikwe kwa vitambaa, maana vitambaa hushika harufu ya chakula. Afadhali zipambwe kwa chokaa iliyofinyangwa. Ukutani iliwekwa meza ndefu ya kuandalia, na kila upande wake kisanduku cha kusimama kama nguzo, na juu ya kila kisanduku chungu cha mbao. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Ndani ya kisanduku kimoja palikuwa na bati na moto wa kupashia sahani. Kingine kilitunza mvinyo. Chungu kimoja kilitiwa maji ya kusuuzia vijiko na vikombe vya fedha, na kingine kiliweza kuhifadhi visu. Baadaye vipande hivyo viliunganishwa vikawa kabati moja lenye miguu sita na uso uliopinda, na hilo ndilo kabati la vyombo ambalo wajukuu zake wanaonekana katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki.

Lilikuwa na kazi nyingine ambayo wauzaji wa vitu vya kale hawapendi kuitangaza. Mfaransa mmoja, François de La Rochefoucauld, aliyekaa Suffolk mwaka 1784, alishangaa kuona kwamba chakula kiliweza kuchukua saa nne au tano, na kwamba wanawake wakiisha kuondoka kwenda chumba kingine, wanaume waliobaki na chupa walikuwa na chungu cha haja ndogo ndani ya kabati hilo hilo, wakakitumia pale pale bila kuacha mazungumzo. Mambo ya wakubwa hayo. Mfaransa huyo alisifu, hata hivyo, mng'aro wa meza na viti vyao, ambavyo karibu vyote vilikuwa vya mahogani.

Viti vilitengenezwa kwa jozi nyingi za namna moja, mara nyingi 12 au zaidi, na katika hivyo viwili vilikuwa na mikono: kimoja cha bwana wa nyumba na kimoja cha bibi, kila mmoja mwisho wake wa meza. Wageni waliingia kwa kufuata vyeo. Meza yenyewe haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa vipande, viwili vya mwisho vyenye umbo la nusu duara na vya katikati vya mraba, ambavyo viliunganishwa kwa vishikizo vya shaba kwa kadiri ya idadi ya wageni. Na chakula kikiisha watumishi waliviondoa, wakavipanga viti ukutani. Mwaka 1800 Richard Gillow wa mji wa Lancaster alipewa hati ya serikali kwa ajili ya meza aliyoibuni, ambayo hurefushwa kwa kuvutwa kama darubini, kisha mbao nyingine zikatiwa katikati.

Hapo yafaa kuutazama mti wenyewe. Mahogani haumei Uingereza. Ni mti wa visiwa vya Karibi na misitu ya Amerika ya Kati, nao ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu, na hata na mwarobaini unaotoa kivuli katika nyua za Lodwar. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na kuanzia hapo merikebu zilianza kuushusha kwa wingi, kwanza kutoka Jamaica, baadaye kutoka Cuba na pwani ya Honduras. Maseremala wakaufurahia sana. Ubao wake ni mpana kuliko wa miti mingi ya Ulaya, hivyo uso mzima wa meza ukaweza kuwa ubao mmoja, hauliwi upesi na wadudu, haupindi, na hukubali kuchongwa vyembamba pasipo kupasuka. Pasipo mti huo, ile miguu myembamba na ile migongo ya ngao isingaliwezekana kwa urahisi.

Walioukata walikuwa Waafrika watumwa. Katika nchi inayoitwa sasa Belize, ambako Waingereza walipewa ruhusa ya kukata mahogani kwa mapatano na Hispania ya mwaka 1786, yapata robo tatu ya watu wote walikuwa watumwa. Walifanya kazi msituni kwa vikosi. Mmoja wao, aliyekuwa mjuzi kupita wote, alitangulia, akapanda mti mrefu, akatafuta kwa macho majani ya mahogani yaliyogeuka rangi katikati ya msitu wa kijani. Riziki ya kikosi kizima ilitegemea macho yake. Shina la mti huo ni pana sana karibu na ardhi, kwa hiyo walijenga jukwaa la miti kulizunguka, wakasimama juu yake na kulikata kwa shoka mahali palipo juu kuliko kichwa cha mtu. Magogo yalivutwa na ng'ombe wakati wa kiangazi, na mara nyingi usiku kwa mwanga wa mienge, kwa kuwa joto la mchana lingewaua wanyama. Mvua iliponyesha na mito kujaa, magogo yalielea mpaka baharini. Biashara ya watumwa ilikatazwa na sheria ya Uingereza mwaka 1807, na utumwa wenyewe katika makoloni yake ulifutwa kwa sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Mtindo unaozungumzwa hapa ulikuwa umekwisha pita.

Wala haikuwa mbao tu. Harewood, katika jimbo la Yorkshire, ni jumba ambalo Adam alilipamba ndani, na fundi Thomas Chippendale alianza kulitilia samani mwaka 1767. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote alizopata maishani, na kabati la chumba cha kulia pamoja na vyungu vyake na pipa la kupozea mvinyo huhesabiwa katika vyombo bora vya Uingereza. Jamaa ya Lascelles, wenye jumba, walipata utajiri wao katika sukari ya visiwa vya Karibi na katika biashara ya watumwa. Hivyo mtumwa aliukata mti, na mtumwa mwingine shambani alilima mali iliyoununua.

Na mafundi je? Chippendale alizaliwa Otley mwaka 1718, mwana wa seremala. Mwaka 1754 alifanya jambo ambalo fundi wa London hakuwa amelifanya kabla yake kwa ukubwa ule: alichapisha kitabu cha michoro 160 ya samani zake, na toleo la mwaka 1762 likawa na michoro 200. Kitabu hicho kilikuwa cha mtindo wa zamani wenye mikunjo. Kazi zake bora za mtindo mpya alizifanya baadaye, na hizo hakuzichapisha. Jina lake likajulikana kila mahali. Fedha hazikufuata jina. Wenye majumba walikuwa na desturi ya kuchelewa kulipa mafundi, na barua alizomwandikia Sir Rowland Winn wa Nostell, akimsihi alipe ili naye aweze kuwalipa wafanyakazi wake, zipo hata leo. Alikufa mwaka 1779, na duka alilomwachia mwanawe lilifilisika mwaka 1804.

George Hepplewhite, ambaye viti vya mgongo wa ngao huitwa kwa jina lake, hakukiona kitabu chake. Alikufa mwaka 1786, na mjane wake, Bibi Alice, ndiye aliyekitoa mwaka 1788, chenye michoro karibu 300. Haijapatikana meza wala kiti kinachojulikana kwa hakika kuwa kilitoka mikononi mwake.

Habari za Thomas Sheraton zinagusa zaidi. Alizaliwa Stockton-on-Tees mwaka 1751, akajifunza useremala, akawa mhubiri wa Kibaptisti, na huko London alijipatia riziki kwa kufundisha kuchora. Kitabu chake kilitoka kwa sehemu kati ya mwaka 1791 na 1794. Ndani yake vyumba vya kulia vya mabwana vimechorwa kwa usahihi wa ajabu, pamoja na maelezo ya jinsi ya kukata kila ungio. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake kijana mmoja wa Edinburgh, Adam Black, alifanya kazi kwake kwa muda mfupi, akaandika baadaye alivyomkuta: mtu mwenye elimu, koti jeusi limechakaa, nyumba nusu duka nusu makao. Siku moja walimkaribisha chai. Nyumbani mlikuwa na vikombe viwili tu na sahani zake, kimoja cha bwana na kimoja cha bibi. Mtoto wao alikuwa na kibakuli chake. Mgeni akapewa kikombe cha bibi, na bibi akanywa katika kibakuli kingine kidogo. Sheraton alikufa mwaka 1806, naye ni maskini.

Vitabu vya watu hao ndivyo vilivyoutoa mtindo katika majumba. Seremala wa mji mdogo aliyeweza kusoma na kupima aliweza sasa kutengeneza kiti cha namna ile kwa bei ya mkulima mwenye nafasi. Vikasafiri mpaka Marekani na India, na mafundi wa huko wakavigeuza kwa miti na mazoea yao.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na kiti chake cha heshima pasipo kitabu. Hicho ni kiti cha enzi, kilichotengenezwa katika miji kama Lamu, Pate na Siyu. Ni kirefu, cha mbao nyeusi, kikalio na mgongo vimesukwa kwa nyuzi, kina mahali pa kuwekea miguu, na mbao zake zimepambwa kwa vipande vidogo vya pembe za ndovu au mifupa. Pembe hizo zilitafutwa mbali bara. Misafara ya Waswahili ilizifuata mpaka nchi za ziwa la Turkana, na mwaka 1888 Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, alifuatana na Count Teleki katika safari iliyofika ziwani humo. Lakini kiti cha enzi hakikuwa cha kulia. Mgeni mkubwa alikikalia kwa mazungumzo. Chakula kilipoletwa watu waliketi mkekani kuzunguka sinia, na mkono wa mwenye cheo na wa asiye na cheo ukaingia katika wali ule ule. Kwa jambo hilo Waingereza wa karne ya 18 hawakuwa na kitu cha kuwafundisha watu wa Lamu.

Ekicholong nacho kimekwisha kusafiri. Vingine vimo katika British Museum huko London, na vingine huuzwa kwa wageni wapitao Lodwar na Kakuma. Aliyekichonga, kwa kawaida, hatajwi. Umbo lake hupitishwa na mkono kwa mkono, na kijana aliyetumwa shuleni mapema, au aliyehamia mjini baada ya mifugo kufa kwa ukame, hukosa miaka ile ya kukaa karibu na mzee mwenye tezo. Hakuna Bibi Alice aliyekusanya michoro yake ikauzwa kwa maseremala.

Miti nayo ni shida, kwa kuwa miti mikubwa ya kandokando ya mito mikavu inahitajiwa kwa kivuli na kwa maganda yanayolisha mbuzi, na watu hawapendi ikatwe. Lakini upo mti mmoja ambao hakuna auhurumiaye. Mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, uliletwa wilayani katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukaenea mpaka ukafunga njia na malisho, na mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu baya. Wengi huuchoma makaa tu. Hata hivyo ubao wake ni mgumu, rangi yake ya kahawia nyekundu haiko mbali na ya mahogani, na ukikaushwa polepole haunywei wala kupinda sana. Shina lake huwa fupi na limepinda, kwa hiyo haliwezi kutoa ubao wa meza ya watu 12. Urefu wa ekicholong, au wa mguu wa kiti, linao.